Komanda, Kasindi, Nkamba: tunaposema "mateso" tunasema nini?



Usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, wapiganaji wa ADF waliingia Komanda, katika jimbo la Ituri, wakaua zaidi ya watu 40. Wengi wao walikuwa waamini waliokesha kwa maombi katika parokia ya Kikatoliki ya Mwenyeheri Anuarite. Kabla ya hapo, tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, siku ya ubatizo. Tangu hapo neno "mateso" linasikika katika mahubiri mengi. Je, ni neno sahihi?

Kwa Kasindi na Komanda, ndiyo. Kundi la Dola la Kiislamu, ambalo ADF ilijiunga nalo, lilijisifu kwa bomu la Kasindi. Anayeshambulia watu wakiwa katika ibada, kisha akajisifu kwa kuwaua Wakristo, anatesa kwa ajili ya imani.

Lakini tusiishie hapo. Tarehe 1 Mei 2021 Sheikh Ali Amini, aliyekemea wenye silaha wanaojificha nyuma ya dini, alipigwa risasi mjini Beni akiwa katika sala msikitini. Na watu wengi wa Beni na Irumu wameuawa shambani au njiani, bila kuulizwa wanasali wapi. Tukisema kwamba ni vita ya Waislamu juu ya Wakristo, tunamkosea jirani Mwislamu anayezika wafu wake kama sisi, tena tunawasaidia wauaji, kwa sababu ndivyo wanavyotaka tuamini.

Historia ya nchi yetu nayo inatuonya. Mwaka 1921 Simon Kimbangu, katekista wa Kibatisti wa Nkamba, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Watu waliacha kazi wakamfuata. Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Wamisionari wa Kibatisti walimwombea huruma, na mfalme Albert wa Kwanza akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951, baada ya miaka 30. Wafuasi wake kwa maelfu walihamishwa mbali na kwao. Waliomtesa walikuwa watu wa nchi iliyojiita ya Kikristo.

Miaka 50 baada ya hukumu ile, tarehe 31 Desemba 1971, sheria ya Mobutu ilitambua makanisa matatu: Katoliki, Kimbangu, na letu, Kanisa la Kristo. Jumuiya nyingine za Kikristo zilipaswa kujiunga nasi au kufungwa. Mwaka 1986 Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku. Sisi tulikuwa ndani ya orodha, na wengi wetu tulinyamaza. Mafundisho yao hatukubaliani nayo, lakini haki ya kusali haitokani na kukubaliana nasi.

Sauli wa Tarso alidhani anamtumikia Mungu alipokuwa akiburuta watu gerezani. Kwa hiyo swali la kwanza la Kanisa si "nani anatutesa?" tu, bali pia "sisi tulisimama wapi wengine walipoteswa?"

Tufanye nini basi? Kwanza, kila parokia iandike majina ya wafu wake, mahali na siku, ili wasibaki hesabu tu. Pili, tuidai serikali ilinde raia wote, kanisani, msikitini na shambani; tusiombe ulinzi wa Wakristo peke yao. Tatu, wachungaji wa Beni, Butembo na Bunia waende kwa maimamu wa mitaa yao sasa, kabla shambulio lingine halijaleta uvumi na hasira. Kijana anayetafuta kisasi atamsikiliza mchungaji aliyekwisha kuonekana akikaa na imamu kwenye matanga.

Bwana awafariji wafiwa wa Komanda na Kasindi.