Kustaafu Ukiwa na Miaka 55: Madai Matano ya Ofisi ya Walimu

Mwalimu akishafikisha miaka 54, wenzake ofisini humfanya mgonjwa: kila mmoja ana dawa yake. Huyu anamwambia aondoke haraka, yule anamwambia asithubutu. Saa ya chai inaisha, kengele inagongwa, naye anarudi darasani akiwa hajui lolote zaidi ya alilolijua asubuhi. Sheria ya Tanzania inamruhusu kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na inamlazimisha kustaafu akiwa na 60. Miaka mitano hiyo ndiyo inayozaa madai haya.

Tuchukue mfano mmoja utufae mpaka mwisho. Mwalimu ameajiriwa akiwa na miaka 25, wastani wa mshahara wake bora wa miaka mitatu ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Anachangia PSSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, asilimia 5 na mwajiri asilimia 15.

Dai la kwanza: "Wanakupa asilimia 40, sitini iliyobaki wanaila."

Hailiwi na mtu. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kinachukua miezi uliyochangia, kinaigawa kwa 580, kisha kinazidisha kwa mshahara wa mwaka. Mwalimu wetu akistaafu na miaka 55 ana miezi 360, kwa hiyo pensheni yake kamili ni kama 7,448,000 kwa mwaka. Asilimia 40 ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja, ndio mkupuo: kama shilingi milioni 37.2. Asilimia 60 hugawanywa kwa miezi 12, naye hupata kama 372,000 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake.

Itazame hiyo 12.5. Maana yake ni kwamba mkupuo ni sehemu ya pensheni yako mwenyewe ya miaka kumi na miwili na nusu uliyolipwa kabla ya wakati wake. Ndiyo maana kadiri mkupuo unavyonenepa, pensheni ya mwezi inakonda.

Dai la pili: "Kikokotoo cha zamani na cha sasa ni kilekile, watu wanapiga kelele bure."

Hapa wanaopuuza kelele ndio waliokosea. Kwa waliokuwa PSPF, mfuko wa zamani wa watumishi wa umma, miezi iligawanywa kwa 540, kizidisho kilikuwa 15.5 na mkupuo nusu kwa nusu. Kwa hesabu hiyo mwalimu wetu angeondoka na milioni 62, na pensheni ya kama 333,000 kwa mwezi. Leo mkupuo umepungua kwa karibu milioni 25, pensheni imeongezeka kwa kama 39,000. Anayesema ameumia kwenye mkupuo hasemi uongo. Kelele hizo hizo ndizo zilizofanya kanuni za mwaka 2018, zenye mkupuo wa asilimia 25, zisimamishwe Desemba mwaka huohuo. Ndizo pia zilizofanya asilimia 33 ya mwaka 2022 ipandishwe hadi 40 katika bajeti ya 2024/25 kwa waliokuwa wakipata nusu. Ila malalamiko ni jambo moja, na kupanga maisha ni jambo lingine. Kikokotoo unachopangia ni kilichopo leo.

Dai la tatu: "Ukitoka na 55 umejikata mafao yako nusu."

Tuhesabu. Akisubiri hadi 60 atakuwa na miezi 420. Mshahara ukibaki uleule, mkupuo utakuwa kama milioni 43.4 na pensheni kama 434,000. Tofauti ni milioni 6.2 na shilingi 62,000 kwa mwezi. Si nusu.

Gharama kubwa iko mahali ambapo wengi hawaangalii. Kwa miaka mitano atapokea 372,000 badala ya mshahara wa milioni moja. Kabla ya makato, pengo hilo linafika kama milioni 37.7, karibu sawa na mkupuo mzima. Tena akipanda daraja katikati ya miaka hiyo, wastani wake ukawa 1,200,000, mkupuo wa 60 utafika kama milioni 52 na pensheni 521,000. Kwa hiyo mwenye barua ya kupandishwa daraja inayokuja afikiri mara mbili. Aliyekwama daraja moja, mwenye nyumba iliyokwisha na watoto waliomaliza chuo, anaweza kuondoka bila majuto.

Dai la nne: "Chukua mkupuo mapema, anzisha biashara, pensheni utaisahau."

Mwalimu aliyezoea mshahara unaoingia kila mwezi hajawahi kuishi kwa faida ya duka. Biashara ikifa mwaka wa pili, kilichokufa nayo ni sehemu ya pensheni ya miaka 12 na nusu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kama ni kuku, mashine ya kusaga au shamba, vianze ukiwa na miaka 50, kwa fedha kidogo, mshahara ukiwa bado unafidia makosa yako. Mradi ukiweza kujilisha kwa miaka mitatu, mkupuo ukaukuze. Ukishindwa, umepoteza kidogo na umejifunza mengi.

Na mikopo ndiyo inayomaliza wengi. Wapo wanaokopa wakisema kiinua mgongo kitalipa, wengine hadi kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Mkupuo uliokwishaliwa na riba kabla haujafika si mkupuo, ni risiti.

Dai la tano: "Nitastaafu kidogo kidogo, nipunguziwe vipindi hadi 60."

Utumishi wa umma hauna nusu kustaafu: uko kazini kwa mshahara wako, au umestaafu. Mkuu wa shule anaweza kukuonea huruma kwenye ratiba, lakini huruma si utaratibu, na mkuu mwingine anaweza kuhamia kesho.

Ngazi za kushukia mwalimu hujijengea mwenyewe. Ya kwanza ni madaraka: mwalimu mkuu aliyechoka anaweza kuomba kurudi darasani. Atakosa posho, lakini michango ya Mfuko hukatwa kwenye mshahara, si kwenye posho, kwa hiyo kikokotoo chake hakiguswi. Ya pili ni madeni: yaishe kabla ya barua ya kustaafu kuandikwa. Ya tatu ni kazi baada ya kustaafu: vipindi vichache shule binafsi, au masomo ya jioni kwa watoto wa mtaa wako, vinaweza kuziba ule upungufu wa 62,000 na kubakiza chenji.

Jumamosi hii, Mwalimu, chukua hati yako ya mshahara, penseli na karatasi. Hesabu miezi yako, gawanya kwa 580, endelea hadi upate pensheni ya mwezi. Kisha jaribu kuishi kwa kiasi hicho miezi mitatu mfululizo, kinachozidi ukiweke akiba. Ukiweza, andika barua ukiwa na 55. Ukishindwa, subiri.