Daktari Anayesoma Si Mjinga

Ipo dharau moja iliyoenea katika foleni za hospitali zetu, nami siipendi hata kidogo. Daktari akishamsikiliza mgonjwa, kisha akageukia kompyuta au simu yake asome kidogo kabla ya kuandika dawa, watu hukonyezana. "Huyu bado mwanafunzi," husema. Yule aandikaye chapuchapu bila hata kuinua macho ndiye huitwa bingwa. Mimi nasema sifa hiyo tumempa asiyestahili.

Elimu ya tiba haikai mahali pamoja. Tazama malaria kali. Kwa miaka mingi watoto waliozidiwa walitundikiwa dripu ya kwinini. Mwaka 2010 yakatolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania na Kenya. Kati ya waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri artesuneti ishike nafasi ya kwinini kwa watoto hao.

Mwaka huohuo wa 2011 likazuka jambo jingine. Ilikuwa imezoeleka kufundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Uchunguzi wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania ukaonyesha kinyume: waliopewa maji ya haraka, wapatao asilimia 10.5 walikufa katika saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3.

Sasa niambie, ndugu msomaji: daktari aliyehitimu mwaka 2005, naye akaringia kumbukumbu yake asifungue kitabu tena, angemtibu mwanao kwa lipi?

Wapo watakaosema kwamba intaneti imejaa takataka. Ni kweli, na sisemi daktari aokote kila kilichotupwa humo. Lakini vimo pia vitabu vya tiba vyenye wahariri. Merck Manual, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1899, leo husomwa humo bure. Radiopaedia, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Frank Gaillard, daktari wa Australia aliyebobea katika kusoma picha za eksirei na za vipimo vya namna hiyo, huandikwa na madaktari wa nchi nyingi. Mmoja huweka picha bila jina la mgonjwa, wa pili huongeza maelezo, wa tatu husahihisha, na wahariri hukagua. Kosa la kitabu cha karatasi hungoja chapa ijayo. Kosa la kitabu hiki laweza kuonekana asubuhi likaondolewa jioni.

Wengine husema kitabu hakimwoni mgonjwa. Hilo nalikubali. Ndiyo maana daktari asikilize kwanza, apapase, apime, ndipo asome. Kusoma hakuchukui nafasi ya kumtazama mgonjwa. Lakini na kumtazama mgonjwa hakumfundishi mtu dawa iliyobadilishwa baada ya yeye kutoka chuoni.

Madaktari nao nawaambia wasiishie kusoma. Watoto wengi wa chunguzi zile mbili walilazwa katika wodi zetu. Elimu ile ilitoka huku, na ilipatikana kwa thamani kubwa. Basi na waandike, wasahihishe, wabishane na wenzao wa ng'ambo. Aliye mbali hatajua dawa gani haifiki zahanati ya kijijini mpaka aambiwe na anayefanya kazi hapo.

Kwa wakuu wa hospitali, ombi langu ni dogo: wekeni intaneti katika chumba cha daktari kama mnavyoweka kipima joto. Na sisi wa kwenye foleni, daktari akisoma, tumngoje. Zile dakika mbili anazisoma kwa ajili yetu.