MFALME HAKUBEBA JIWE



Ndugu zangu katika imani, muulize mtoto wa shule: nani alijenga piramidi kubwa ya Giza? Atakujibu: Mfalme Khufu. Khufu hakubeba hata jiwe moja! Makaburi ya waliobeba yalianza kugunduliwa mwaka 1990, hapo hapo jirani na piramidi. Zaidi ya miaka 4,000 anatajwa aliyeamuru, na aliyetoka jasho amefunikwa na mchanga.

Ndivyo wakubwa wa dunia walivyotaka. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki anayesifiwa vyuoni, alimhesabu mtumwa kuwa ni chombo chenye uhai, na akaona dola iliyo bora haimpi fundi uraia. Wakoloni walipokuja kwetu, mzee mwenye wajukuu wakamwita "boi".

Sasa itazame Qur'ani. Nabii Nuh (a.s.) anatajwa akiunda safina huku wakubwa wa kaumu yake wakipita na kumcheka. Daud (a.s.) alilainishiwa chuma, akawa anatengeneza deraya. Musa (a.s.) aliajiriwa kwa mapatano ya miaka minane, akipenda atimize kumi. Na Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mifugo ya watu wa Makka kwa ujira. Alipofariki mtu aliyekuwa akifagia msikiti, Maswahaba waliona si jambo la kumsumbua nalo. Mtume (s.a.w.) akaulizia, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia.

Wanazuoni wetu nao hawakuona haya. Al-Qaffal maana yake fundi kufuli. Az-Zajjaj maana yake fundi vioo. Kazi ya mikono ikawa jina la heshima.

Je, sisi tumemfuata nani? Dada anayewalea watoto wetu tunamwita "beki tatu". Msikiti una jiwe la ufunguzi lenye jina la mgeni rasmi. Fundi aliyepanga matofali hayumo.

Utasema: "Sheikh, hayo ni majina tu." La hasha! Dhulma huanzia hapo. Ukishamfanya mtu kuwa chombo, kumcheleweshea mshahara hakukuumi tena, kwani nani humlipa jembe?

Ogopa! Katika hadithi qudsi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), Allah ametaja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Hakimu akiwa ndiye mshitaki wako, utakata rufaa wapi?

Usiku huu, kabla hujalala, jiulize: namjua dada wa kazi kwa jina lake na la baba yake? Ananidai miezi mingapi? Asubuhi mwite kwa jina hilo, umkabidhi haki yake mkononi.

Allah atuepushe na dhulma, ya wazi na ya siri. Aamin.

Wallahu a'lam.