Likizo ya Baiskeli Katika Vilima vya Bourgogne

Mama mmoja, mke wa askari, ametuandikia kwamba mumewe akija likizo hulala siku mbili, na siku ya tatu huwatoa watoto matembezi kwa mwendo wa kwata, hata wakarudi nyumbani wakilia. Anauliza kama pako mahali duniani ambapo watu wa mshahara wa kawaida wanajua kutumia likizo pamoja na watoto wao. Pako pengi. Leo nitasimulia juu ya mahali ninapopajua kwa miguu yangu mwenyewe, nayo ni wilaya ya vilima ya Bourgogne, mashariki ya Ufaransa, ambako niliendesha baiskeli siku mbili nilipokuwa huko kwa mafunzo ya kazi.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba mfanyakazi wa Ufaransa naye hakuzaliwa na likizo mkononi. Likizo yenye malipo kwa wafanyakazi wote ililetwa na sheria ya mwezi Juni, 1936, baada ya migomo mikubwa, nayo ilikuwa ya majuma mawili tu kwa mwaka. Serikali ikapunguza nauli ya garimoshi kwa wenye likizo kwa asilimia 40, lakini wengi hawakuwa na fedha za hoteli wala za gari. Walichokuwa nacho ni baiskeli. Basi mume na mke walipanda baiskeli moja ya viti viwili, wakafunga hema nyuma kwenye keria, wakatoka mjini kwenda kuona mashamba ambayo walikuwa wakiyapita gizani tu, waendapo kazini na warudipo. Desturi hiyo haikufa. Hata leo, ifikapo mwezi Julai, utawakuta barabarani makarani, waalimu, askari polisi na wauguzi, na mizigo yao imening'inia pande mbili za gurudumu la nyuma.

Sisi tuliozoea kuiona baiskeli ikisukumwa mlimani na mtu aliyebeba mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, huenda tukashangaa kwamba mtu anaweza kuipanda kwa raha. Siri ya kwanza ni nchi yenyewe. Vilima vya Bourgogne havikuchongoka. Vinainuka na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Mteremko mmoja ni mizabibu iliyopandwa kwa mistari, bondeni ni malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais, na juu kabisa msitu mdogo au mnara wa kanisa.

Siri ya pili ni njia. Kati ya mji mdogo wa Givry na mji wa Cluny palikuwa na reli ambayo iliachwa. Badala ya kuacha tuta lake liote miiba, wenyeji waling'oa vyuma na mataruma, wakatandaza lami nyembamba, na mwaka 1997 ikafunguliwa kuwa njia ya baiskeli na waendao kwa miguu, urefu wake kilometa 44 hivi. Magari na pikipiki hayaruhusiwi kabisa. Na hapa nataka msomaji atazame kwa jicho la fundi: garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo mhandisi wa zamani alilazimika kukizunguka kila kilima au kukipasua. Kazi ile iliyofanywa kwa ajili ya mvuke na makaa ya mawe leo inamfaa mtoto wa miaka tisa.

Nasema mtoto wa miaka tisa kwa sababu tulikuwa naye. Wenyeji wangu walikuwa mzee mmoja mstaafu, mkewe, na mjukuu wao wa kike. Asubuhi pale Givry mzee alipanga safu yetu: mtoto mbele, bibi nyuma yake, mimi wa tatu, yeye mwenyewe mwisho na pampu na viraka vya pancha. Nilidhani ni mchezo wa kumfurahisha mtoto. Baada ya saa moja nilianza kuudhika. Mtoto alisimama kutazama punda, akasimama tena kuchuma matunda ya porini, na mimi niliyelelewa milimani nikajiona nimefungwa kamba. Karibu na Saint-Gengoux-le-National nikaomba ruhusa nipite barabara ya kando, ipandayo kwenye mizabibu, nikutane nao mbele. Mzee akanitazama, akasema, "Haya, kijana," basi.

Kilima cha kwanza nilikipanda kwa kishindo. Cha pili nilikipanda nikiwa nimesimama juu ya pedeli. Cha tatu, ambacho hakikuwa kirefu kuliko viwili vya kwanza, kilinishinda. Asubuhi nilikuwa nimekunywa kahawa tupu, na chupa yangu ya maji ilikwisha. Magoti yakalegea, jasho likawa baridi, nikakaa chini ya ua wa miti nikiona vimulimuli mchana. Ndipo nilipofahamu hila ya vilima vidogo: mlima mkubwa unakuonya tokea mbali, lakini hivi vinakuomba nguvu kidogo kidogo, kila kimoja kikidai kuwa cha mwisho.

Nilijikokota hadi njiani nikawakuta wamenisubiri. Yule mtoto akanipa nusu ya mkate wake na jibini. Mzee hakunicheka, aliinua gurudumu langu la nyuma, akahamisha mnyororo kwenye gia nyepesi, akasema niiache hapo mpaka Cluny.

Jioni alinieleza habari za Paul de Vivie, mtu wa Saint-Étienne aliyezaliwa 1853 na kufariki 1930, ambaye alitoa gazeti la waendesha baiskeli na kujiita Vélocio. Huyu alikuwa mpiganiaji mkubwa wa gia nyingi, katika siku ambazo waendeshaji wenye kiburi walidai kwamba gia ni za wazee na wanawake. Mashindano ya Tour de France yenyewe hayakuruhusu mashindanoni gia za kuhamisha mnyororo mpaka mwaka 1937. Vélocio aliwafundisha wasafiri wale kabla ya kuona njaa, wanywe kabla ya kuona kiu, wapumzike kabla ya kuchoka, na wasipige pedeli kwa ajili ya kujionyesha. Nilikuwa nimeyavunja mafundisho hayo yote kabla ya adhuhuri.

Kwa msomaji atakayebahatika kwenda huko kimasomo au kikazi, na wako askari wetu wanaopelekwa, nina machache ya nyumbani ya kumwambia. Dukani vijijini hufungwa tangu saa sita mchana hadi saa nane au tisa, na Jumapili alasiri usitegemee kununua hata kiberiti. Kwa hiyo mkate ununuliwe asubuhi. Maji hupatikana kwenye bomba la makaburini, maana karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua, lakini soma kwanza kibao, kwani maji mengine hayafai kunywa. Sheria nayo ni kali. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 12 lazima avae kofia ya kukinga kichwa, tangu Machi, 2017. Gari likimpita mwenye baiskeli nje ya mji liache nafasi ya meta moja na nusu. Wasomaji wetu wa polisi watapenda kujua kwamba wenye magari huko pia hunung'unika.

Jambo moja litamgusa askari zaidi. Katika karibu kila kijiji, hata chenye nyumba thelathini, pana mnara wa mawe wenye majina ya waliokufa vitani miaka ya 1914 hadi 1918. Mwendo wa gari haukupi nafasi ya kuyasoma. Sisi tulishuka mahali pamoja, bibi akasoma kwa sauti ya chini, na jina la ukoo mmoja likarudiwa mara tatu. Mtoto akauliza kama walikuwa ndugu. Bibi akajibu kwamba huenda. Tulikaa kimya kitambo, na hakuna aliyesema tumechelewa.

Tulilala Cluny, penye mabaki ya monasteri iliyoanzishwa mwaka 910. Kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Wakristo mpaka lilipojengwa kanisa jipya la Mtakatifu Petro huko Roma. Baada ya Mapinduzi ya 1789 likabomolewa, mawe yake yakauzwa. Siku ya pili tulielekea Mâcon. Hapo reli ya zamani hupita ndani ya kilima cha Bois Clair, katika handaki la meta 1,600 hivi. Majira ya baridi hufungwa, ili popo walalao humo wasisumbuliwe. Ni serikali chache zinazomfungia binadamu njia kwa ajili ya popo. Tulivaa fulana, kwani humo ndani mna baridi hata wakati wa kiangazi. Mtoto akawasha taa yake akatangulia, akipiga kengele ili asikie mwangwi, na mimi safari hii nikafuata gurudumu la bibi bila haraka, mpaka mwanga ukaonekana mbele, mdogo kama sarafu.

Mâcon tulipanda garimoshi la kurudi, baiskeli zote nne zikaingia nasi behewani. Kabla ya stesheni ya pili mtoto alikuwa amelala, na babu yake alikuwa akihesabu kwenye ramani siku za likizo ya shule zilizosalia.