Michezo ya video si ya watoto pekee

Katika mitaa mingi ya miji yetu, kila jioni utawapata vijana wamejazana ndani ya kibanda chenye televisheni mbili tatu, wakilipa ili wacheze kandanda ya PlayStation. Mzazi anayepita hapo hutikisa kichwa. Kwake, hicho ni kiota cha watoro wa shule. Hata mimi nilikuwa na msimamo huo, hadi baba yangu alipokuja kuishi nasi baada ya mama kuaga dunia.

Mzee hakutaka mazungumzo. Alishinda kitini akisinzia, na chakula alikionja tu. Mjukuu wake wa miaka 13 ndiye aliyemtia kidude cha kuchezea mkononi. Juma la kwanza mzee alifungwa mabao yasiyo na idadi. Juma la pili alianza kumlaumu refa! Sisemi kwamba mchezo ulimwondolea huzuni. Ulimpa mtu wa kubishana naye, na hilo si jambo dogo kwa mjane.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza katika jarida la Nature jinsi wazee wa miaka 60 hadi 85 walivyofunzwa mchezo wa kuendesha gari kwa muda wa mwezi mmoja. Uwezo wao wa kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja uliimarika, na bado ulionekana miezi sita baadaye. Hata hivyo, mchezo huo ulibuniwa makusudi kwa kazi hiyo. Si kila mchezo wa dukani utakaonoa akili.

Madhara pia yapo. Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika sasa inajumuisha uraibu wa michezo ya video. Dalili zake ni tatu: mtu hushindwa kujizuia, mchezo hutangulia shughuli nyingine zote, na huendelea kucheza hata anapoona unamdhuru. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi. Kwa hivyo, mtoto anayecheza saa moja baada ya kumaliza kazi ya shule si mgonjwa, na tusimwite hivyo.

Maoni yangu ni kwamba mchezo wenyewe si adui. Hatari ni mtoto kucheza peke yake, usiku wa manane, bila mtu wa kumwambia basi. Zima mashine kabla ya saa ya kulala. Kila baada ya dakika 20, pumzisha macho kwa kutazama mbali. Mchezo wa kiwambo usichukue nafasi ya mpira wa uwanjani, wala matembezi ya mzee. Na mahali ambapo pesa huwekwa dau, mwondoe mtoto mara moja.

Zaidi ya yote, mzazi mwenzangu, keti ucheze naye. Utafungwa, utachekwa, lakini utajua anacheza nini, na nani, na kwa muda gani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Afadhali mwanao acheze nyumbani mbele ya babu yake kuliko kibandani.