Afya ya Nyumbani: Moyo wa Mama na Uzito wa Mtoto

Mtoto azaliwapo mdogo sana, au kabla ya siku zake kutimia, watu hutafuta wa kulaumiwa. Wengine husema mama hakula vizuri, wengine husema amerogwa. Ni wachache waulizao habari za moyo wa mama, na pengine sababu imo humo.

Madaktari humhesabu mtoto kuwa mwepesi akiwa na uzito chini ya kilo 2.5, yaani kama ratili 5 na nusu. Azaliwaye kabla ya mimba kufika majuma 37 huhesabiwa kuwa hajatimiza siku zake.

Mtoto tumboni hali kwa kinywa wala havuti pumzi. Chakula na hewa humfikia kwa njia ya kondo la nyuma, nalo huvipata katika damu ya mama. Mkulima mwenye mfereji ajua jambo hili: maji yakipungua kwenye chanzo, mimea hudumaa hata udongo ukiwa mzuri.

Kwa hiyo mwili wa mwenye mimba hujitayarisha. Damu yake huongezeka kwa kadiri ya nusu, na kazi ya moyo huzidi kwa theluthi moja hadi nusu. Moyo mzima huuchukua mzigo huo. Moyo wenye kasoro huweza kushindwa. Basi damu iendayo kwenye mji wa mimba hupungua, na mtoto hukua polepole. Pengine uchungu huanza mapema, au daktari hulazimika kumzalisha mama kabla ya wakati ili kuokoa maisha.

Katika Afrika Mashariki kasoro hiyo mara nyingi huanza utotoni. Mtoto huumwa koo, asitibiwe. Baada ya majuma machache huweza kupata homa na kuvimba viungo, kisha milango ya moyo ikaharibika. Msichana hukua na kuolewa bila kujua lolote, mpaka apate mimba.

Kuchoka na kuvimba miguu kidogo ni mambo ya kawaida ya mimba. Lakini mwanamke asiyeweza kulala ila kwa kuinuliwa na mito, anayeamka usiku akitweta, anayekohoa damu, au ambaye moyo humwenda mbio ameketi tu, asiambiwe avumilie. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Yafaa kila mwenye mimba aende kliniki mapema, kabla ya miezi mitatu kwisha, akapimwe damu na mwendo wake. Kipimo cha 140 juu ya 90 au zaidi kinahitaji uangalizi, maana nacho huweza kumdhoofisha mtoto. Miezi ya mwisho alale kwa ubavu. Akilala chali, tumbo huulemea mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Mume naye ampunguzie mzigo wa kuni na maji.

Aliyekwisha ambiwa kwamba moyo wake una kasoro azalie hospitali, wala asiharakishwe kurudi nyumbani, kwa kuwa hatari huzidi wakati wa uchungu na siku za kwanza baada ya kuzaa.

Tena wazazi wasidharau koo la mtoto. Daktari akiona yafaa, dawa ya penisilini itolewayo mapema huulinda moyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa moyo ni mgumu kuujenga.