Redfern: Nyumba Kwanza

Mwaka 1973 serikali ya Australia chini ya Waziri Mkuu Gough Whitlam ilitoa fedha za kununua nyumba chakavu za Redfern, Sydney, zikawa mali ya Kampuni ya Nyumba ya Waaborijini. Eneo hilo, The Block, likawa kitovu cha Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi hiyo, mjini, na Redfern hiyohiyo ndiko zilikozaliwa huduma zao za msaada wa sheria (1970) na za afya (1971). Baadaye nyumba zilichakaa, dawa za kulevya zikaingia, na moja baada ya nyingine zikabomolewa. Kilichobaki kilikuwa kiwanja kitupu, jirani na kituo cha treni, katika jiji ambalo ardhi yake ni dhahabu.

Mradi mpya ulipewa jina la Pemulwuy, shujaa aliyewapinga wakoloni wa Kiingereza hadi alipouawa mwaka 1802. Uliahidi nyumba 62 za bei nafuu kwa familia za Waaborijini, jumba la sanaa na ukumbi wa mazoezi. Lakini wenye mradi walitaka kuanza na majengo ya biashara. Mwaka 2014 Jenny Munro na wenzake wakapiga mahema kiwanjani wakidai nyumba zitangulie, na hawakuondoka hadi 2015, serikali kuu ilipoahidi dola milioni 5 za nyumba hizo. Naamini walikuwa na haki. Jumba la sanaa lisilo na watoto wa mtaa wanaoingia na kutoka ni makumbusho ya watu waliohamishwa. Utamaduni huishi pale ambapo bibi anakaa nyumba ya pili kutoka kwa mjukuu wake.

Watetezi wa mradi husema bila fedha za wawekezaji hata nyumba hizo zisingejengwa, na kwamba ardhi imekodishwa kwa wawekezaji hao, haikuuzwa. Hoja hiyo ina uzito: anayekodisha bado ni mwenye mali. Hata hivyo, mkataba wa miaka 99 unavuka vizazi vitatu au vinne, na bweni la wanafunzi, sehemu ya biashara ya mradi huo, lilikua hadi ghorofa 24, likiwa na nafasi kwa zaidi ya wanafunzi 500, huku nyumba za familia zikibaki 62 zilezile. Kwa nini jamii iliyonyang'anywa bara zima ilazimike kukodisha kipande ilichorudishiwa ili ipate paa? Maadamu mnara huo wa bweni umeshasimama, kodi yake ifungwe kisheria kwenye ujenzi wa nyumba ya 63 na zitakazofuata, na hesabu zake zisomwe hadharani mbele ya familia zilizohamishwa.